Fungate Isiishie Siku Saba



Imezunguka kwenye simu zetu video ya bwana na bibi wa Kimarekani, wastaafu, wanavuta trela la kulala kwenda kupitisha majira ya joto Yellowstone, hifadhi ya taifa iliyoanzishwa tangu 1872. Mzee anaendesha, bibi ameshika ramani na chupa ya kahawa. Shoga zetu wakacheka: hao wamekosa wajukuu wa kulea. Mmoja akamalizia kwamba mwanamke wa Kiislamu mwenye heshima zake hawezi kuzurura hivyo.

Hapo ndipo tulipokataa kunyamaza.

Kuzurura kupi? Mke yuko na mumewe. Mtume, rehma na amani zimfikie, alikuwa akipiga kura baina ya wakeze nani afuatane naye safarini. Na ni safarini aliposhindana mbio na Bibi Aisha, Bibi Aisha akamshinda, na baadaye alipokwisha kunenepa Mtume akamlipizia. Tunawasimulia biharusi hadithi hii kila siku, halafu tunaona aibu mzee wa miaka 65 kumshika mkewe mkono.

Tena trela lenyewe, ukilitazama vizuri, lina stara kuliko hoteli nyingi. Jiko ni lako, huna haja ya kuuliza nyama imechinjwa vipi. Choo ni chako, maji ya udhu yamo kwenye tangi, pazia unafunga mwenyewe. Sala unapunguza na kukusanya, adhuhuri na alasiri rakaa mbili mbili, kwa masharti yake tuliyosomeshwa chuoni tangu wadogo.

Hatusemi ni raha tupu. Gari likivuta trela hunywa mafuta vibaya, upepo ukivuma trela huyumba, na Yellowstone iko juu milimani, hata Julai usiku ni wa blanketi. Lipo na tangi la uchafu wa choo, ambalo lazima mmoja wao akalimwage pahala maalumu. Lakini mtihani mkubwa ni kupiga rivasi kuegesha. Ukikata usukani kulia, trela linakwenda kushoto. Mmoja anaendesha, mwenzake amesimama nyuma anapunga mikono, na majirani wa kambini wamekaa vitini wanatazama. Wasiozoea kusikilizana hugombana hapo hapo mbele za watu. (Tunao mabwana tunaowajua wasingefuata mkono wa mke hata trela lingekuwa linaingia mtoni.)

Sasa biharusi, tusikilizane. Tunawasinga, tunawapaka hina, somo anawafunda siku saba za fungate. Nani anawafunda mwaka wa 40? Kwetu kiinua mgongo kikitoka, bwana anahamia barazani kwenye kahawa na bao, bibi anakabidhiwa wajukuu wanne na jiko lile lile, na sisi tunaita heshima. Usiku wanakutana kama abiria wawili wa boti, kila mmoja na mzigo wake. Kulea wajukuu kuna thawabu, hatukatai. Ila bibi hakuolewa na wajukuu.

Mtatuambia wenzetu wana fedha. Trela ni ghali, kweli, na wapo wanaouza nyumba ili walinunue. Lakini mambo mengine ni ya mpango tu: kule raia akitimiza miaka 62 hununua kwa dola 80 kadi ya kuingilia hifadhi za taifa maisha yake yote, na mkewe aliye naye garini anapita kwa kadi hiyo hiyo. Na sisi tunaomwaga mamilioni kwenye ukumbi na sare za usiku mmoja, tunapata wapi mdomo wa kuwahesabia wazee wa watu mafuta yao?

Kwa hiyo kabla hujamuuliza mchumba rangi ya sare, muulize hili: ukistaafu, mchana utakuwa wapi?

Sisi tumewauliza wa kwetu. Wawili walicheka. Mmoja alivaa kofia akaenda barazani. Na mmoja, Mwenyezi Mungu ambariki, alinyamaza kitambo, kisha akauliza nauli ya boti ya Pemba siku hizi ni kiasi gani.