Mawe ya Msituni: Ruhusa na Mipaka Yake

Misitu ya taifa ya Marekani, yenye takriban ekari milioni 193, ni ardhi ya umma chini ya Idara ya Misitu, na katika sehemu kubwa ya ardhi hiyo mtu anaweza kuokota mawe na madini kwa kujifurahisha bila leseni. Kwa familia zilizotoka Kongo au Tanzania zikahamia Boise na Missoula, ruhusa hiyo ni jambo geni. Nchini Tanzania madini ni mali ya Jamhuri, na mchimbaji hudaiwa leseni. Huko Kivu, nchini Kongo, mwenye sururu yuko kazini, tena kazi inayoua. Huku Marekani sururu ileile yaweza kuwa burudani ya Jumamosi ya mzazi na watoto.

Kinachoruhusiwa ni kiasi kidogo cha kuweka nyumbani, kilichopatikana kwa zana za mkono bila kuharibu ardhi. Kuuza hakumo katika ruhusa hiyo, na ni haki kusiwemo: bei ikishaingia, kilima hakibaki. Kila msitu una kanuni zake pia, kwa hiyo ofisi ya msitu husika huulizwa kabla ya safari.

Kikwazo kinachosahauliwa zaidi ni vitalu vya madini vya watu. Sheria ya Madini ya 1872 ingali inatumika, na humwezesha mtu kushika kitalu ndani ya msitu wa umma. Kwa kawaida wapita njia hawazuiwi kukatiza humo, lakini madini ni ya mwenye kitalu na hayaguswi bila idhini yake. Nguzo za pembeni huanguka au kufunikwa na majani, hivyo ni salama zaidi kutazama rekodi za vitalu kuliko kutegemea macho. Hifadhi za taifa, kama Yellowstone, ni jambo jingine kabisa: humo hata kokoto haiondolewi.

Anayeanza hufaidika na maeneo yaliyotengwa. Emerald Creek, kaskazini mwa Idaho, ni maarufu kwa ganeti ya nyota, kito ambacho hupatikana kwa wingi Idaho na India tu. Ganeti ni nzito kuliko mchanga, kwa hiyo mawe mama yalipomomonyoka, maji yalibeba mchanga na kuiacha ganeti katika changarawe ya kijito. Wageni hulipia kibali, kisha huosha na kuchekecha changarawe iliyokwisha kuchimbwa. Utaratibu huu hukilinda kijito kisichimbuliwe ovyo. Jiwe likitoka majini ni jeusi, halivutii. Nyota huonekana likishakatwa na kung'arishwa liwe na mgongo wa mviringo, kwa sababu sindano nyembamba za madini ya rutili ndani yake huakisi mwanga katika mistari minne au sita.

Crystal Park, katika milima ya Pioneer huko Montana, iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na theluji huifunga sehemu kubwa ya mwaka. Hapo huchimbwa fuwele za kwatsi zenye pande sita, zilizojengeka taratibu maji ya moto yenye silika yalipopita katika nyufa za miamba. Nyingine ni angavu, nyingine za rangi ya moshi, na chache ni amethisto ya zambarau, rangi inayotokana na chembe za chuma na mnururisho wa asili. Kuchimba handaki ni marufuku. Aliyewahi kuona kifusi kikiwafunika wachimbaji hahitaji kuelezwa sababu. Miwani ya kukinga macho huvaliwa kila nyundo inapopigwa, watoto wakiwa wa kwanza, na machimbo ya zamani yaliyoachwa hayaingiwi hata kwa hatua moja.

Vitu vya kale vya wenyeji wa asili, vikiwemo vichwa vya mishale, hulindwa na sheria, na visukuku vya wanyama wenye uti wa mgongo huchukuliwa na watafiti wenye kibali peke yao. Anayevikuta huviacha vilipo, hupiga picha na kuiarifu ofisi ya msitu.