Nduwaro Huandikwa Jina la Nani?

Kila uingiapo msimu wa kaskazi, maji makuu ya Watamu, Malindi na Shimoni huwa na vyombo vya kukodi vinavyochukua wageni kwenda kuvua. Sifa za wageni hao huenea, na picha zao wakiwa na samaki hutundikwa kutani. Sisi hatuna kinyongo na mgeni aliyelipa pesa zake. Neno letu ni juu ya yule aliyesimama nje ya picha, ambaye lau si yeye mgeni asingerudi hata na dagaa.

Watu wengi wa mjini hudhani kazi hii ni ya mchana peke yake. Iko ya usiku kucha, na hiyo ndiyo ngumu. Anayetafutwa usiku ni nduwaro mwenye upanga bapa, ambaye mchana hukaa chini sana, mita mia kadhaa, na jua likishatua hupanda juu kufuata ngisi. (Asichanganywe na papa upanga, yule mwenye pua ya msumeno, huyo ana ukoo wake.) Ajabu ya nduwaro huyu ni kwamba akishakuwa mkubwa hana jino wala gamba, amebakiwa na silaha yake tu. Kwa wenzetu Ithnaasheri, ambao samaki wao sharti awe na magamba, ni wa kuulizia kwanza kwa wanavyuoni. Sisi wa Shafii tumewekewa wepesi katika mambo ya bahari, alhamdulillahi.

Mwandishi huyu alialikwa mwezi mmoja wa Februari alale katika chombo cha namna hiyo. Waliokuwamo ni nahodha na mabaharia wawili, wote watoto wa pwani, na mgeni mmoja kutoka Ulaya. Tulitoka saa kumi alasiri. Chomboni mlikuwamo mashine ya kupima kina na nyingine ya kuonyesha njia kwa setilaiti, lakini tulipofika kwenye mlango wa mwamba nahodha hakuziangalia. Aliangalia mawimbi yanavyovunjika upande huu na upande huu, akangoja moja kubwa lipite, kisha akapenya.

Huko nje mashine ilipunguzwa, chombo kikaachwa kichukuliwe na mkondo. Baharia mmoja alikaa tezini akimshona ngisi kwenye ndoana kwa sindano na uzi, kwa utaratibu wa fundi wa kofia. Juu ya chambo alifunga kijiti cha mwanga wa kijani. Nahodha alitoa amri kwa pima, si kwa mita: huu pima arubaini, huu pima sabini, ule wa tatu uelee karibu. Nilimuuliza mbona umbali haulingani. Akanijibu, "Mzee wangu, usiku samaki hatuambii yuko ghorofa gani."

Hata ilipopata saa tatu walisali Isha kwa zamu. Wasomaji wa bara hawatajua utamu wa jambo hili, kwa hivyo tulieleze kidogo. Makka na mwambao wetu karibu ziko katika mstari mmoja wa kwenda juu, na ndiyo sababu wazee wetu waliita kaskazini kibla, na kusini wakaiita suheli kwa jina la nyota. Nyota ya kaskazini ambayo mabaharia wa Uarabuni huitegemea haionekani Watamu, kwani sisi tuko chini ya mstari wa ikweta. Lakini saa tatu ya usiku wa Februari, Suheli huwa imesimama wima upande wa kusini. Uipe mgongo, umeelekea. Chombo kikigeuka kwa mkondo, nawe wageuka. Kijana yule alisali rakaa zake nne akigeuka pole pole, bila ya dira.

Saa nane mshipi wa pima sabini ulivutwa. Hapo ndipo nilipoiona sheria yenyewe. Chama cha kimataifa cha wavuvi wa mchezo huu, IGFA, kilichoundwa mwaka 1939, chaamuru kwamba tangu samaki anase, hapana mtu ila mvuvi mwenyewe atakayegusa ufito, gurudumu wala mshipi, mpaka ule uzi mzito wa mwisho ufikiwe na mkono wa baharia. Akiguswa na mwingine, rekodi hairekodiwi. Basi mgeni alivuta na kutoa jasho muda wa saa mbili. Haki yake, alivuta kiume. Lakini nani alikuwa akirudisha chombo kinyumenyume ili mshipi usikatike? Nani aliyesema, kwa kuona pembe ya uzi tu, kwamba samaki sasa apanda na ulegee uondolewe? Na alipofika ubavuni, aliyemshika upanga kwa mikono miwili, gizani, akiwa ameinama nusu ya mwili nje ya chombo, alikuwa baharia yule yule aliyeshona ngisi. Akamtia alama mgongoni, wakamwachia ende zake. (Kama ni sawa kumtesa kiumbe saa mbili kisha kumwachia, hilo lina mjadala wake, nao tutauandikia siku nyingine.)

Kisha ikajazwa kadi. Jina la mgeni, jina la chombo, uzito wa kukisia, mahali, saa. Basi.

Desturi hii si ya jana. Mwaka 1934 Ernest Hemingway wa Marekani alivua katika maji haya haya ya Malindi, na mpaka leo mji wajisifu naye. Mabaharia waliomvusha mwamba, ni nani kati yetu ayajuaye majina yao? Hata majina ya samaki wenyewe twayapoteza. Kijana wa leo akimwona nduwaro humwita kwa Kiingereza, na sulisuli mwenye tanga mgongoni vivyo hivyo. Ilibidi padri Mfaransa, Charles Sacleux, ayakusanye maneno mengi ya mwambao huu katika kamusi yake iliyochapwa Paris mwaka 1939, naye ayaeleze kwa Kifaransa. Twamshukuru, lakini watoto wetu hawasomi Kifaransa.

Mambo mawili hayana gharama. Wenye vyombo waongeze mistari miwili katika kadi zao, ya jina la nahodha na ya jina la aliyefunga chambo, na picha itundikwayo kutani iandikwe hivyo hivyo. Kijana akienda kuomba kazi ya unahodha penginepo, awe na cha kuonyesha, maana leo hana ila kusema "waulizeni". Pili, walimu wetu wa shule na wa madrasa wawaalike mabaharia hawa darasani wakati wa kusi, vyombo vingi vikiwa vimepandishwa pwani nao hawana kazi, wawafundishe watoto majina ya pepo, nyota na samaki, na watoto wayaandike katika madaftari yao.

Kadi mpya huchapwa kabla ya msimu. Kaskazi huanza kuvuma mwishoni mwa mwaka, kwa hivyo muda wa kuongeza mistari hiyo bado uko.