Ushindani wa chaneli za HD nchini Tanzania

Ushindani wa chaneli za HD nchini Tanzania ni mashindano ya kampuni za televisheni ya kulipia katika kurusha picha zenye ubora wa juu. Kampuni zinazojulikana zaidi ni DStv ya Afrika Kusini, StarTimes ya China na Azam TV ya Tanzania, iliyoanza mwaka 2013.

Mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na ving'amuzi vikawa vya lazima.

Nafasi ya masafa ni ndogo na ya gharama. Chaneli moja ya HD huchukua nafasi ya chaneli mbili au zaidi za kawaida. Kwa sababu hiyo kampuni huipa HD kwanza michezo, hasa mpira wa miguu, unaovuta wateja wengi.

Katika miji midogo kama Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba mkoani Singida, umbali una uzito wake. Antena huhitaji mnara ulio karibu, na kebo hulipa penye nyumba zilizosongamana. Dishi hupokea mawimbi ya setilaiti popote.

Hata hivyo dishi si suluhisho kamili. Agosti 2018 Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) iliagiza kampuni za setilaiti za kulipia kuondoa chaneli za ndani za bure, ikiwemo ITV, kwa kuwa leseni zao hazikuziruhusu. Mtazamaji aliyetegemea dishi pekee la kampuni hizo alikosa chaneli hizo za ndani.