Tusiwazuie, Tuwasindikize



Mwezi wa sita ukifika, viwanja vya parokia zetu hupoa. Mashindano ya vijana yamekwisha, shule zimefunga, na huku milimani Umatengo kila mwenye mikono yuko shambani anachuma kahawa. Kule chini ziwani, kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay, vijana wanasubiri giza la mwezi waingie majini kutafuta usipa. Hakuna mazoezi wala mechi, na mwalimu wa timu naye amekwenda kushughulikia mambo yake. Ndipo wanapoondoka.

Nilifanya mwaka wangu wa uchungaji katika parokia moja ya mwambao wa Nyasa, na paroko akanikabidhi timu ya vijana. Tulimaliza msimu tukiwa na wachezaji 22. Tulipoita mazoezi mwezi wa nane, walikuja 13. Wawili walikuwa Songea wakifanya majaribio, wanne walikuwa wakiendesha bodaboda Mbinga mjini, wawili wamekwenda kutafuta kibarua kwenye makaa ya mawe Ngaka, na mmoja alikuwa amechukuliwa Dar es Salaam na mtu aliyejiita wakala. Wote tisa walikuwa hawajafikisha miaka 20, na hao ndio tuliowahesabia msimu uliofuata.

Kamati ya timu ilikaa. Mmoja akasema tangu sasa asipewe kijana yeyote barua ya utambulisho. Mwingine akasema wanyang'anywe jezi na viatu, na akirudi mtu asipangwe msimu mzima. Nami nilikuwa na hasira, nikaunga mkono. Leo naandika kusema kwamba nilikosea.

Aliyenifundisha ni yule wa Dar es Salaam. Alikuwa beki wa kushoto, umri miaka 17, kidato cha nne. Wakala alimwona kwenye michezo ya shule, akaenda nyumbani kwao na kumwambia baba kwamba nafasi ipo, ila lazima itangulie fedha ya usajili na nauli. Baba akauza mtumbwi. Kijana alifika jijini, akafanya mazoezi wiki mbili na watu asiowajua, halafu simu ya wakala ikawa haipatikani. Akajibanza kwa ndugu wa mbali, akaona aibu kurudi, na Novemba wenzake wakafanya mtihani wa Taifa bila yeye. Alirudi Desemba. Jumapili ya kwanza hakuja kanisani, nikamfuata ufukweni.

Aliniuliza, "Frateri, mlijua kwamba naondoka?"

Nikamjibu kwamba tulijua. Kijiji kizima kilijua.

"Sasa mbona hakuna hata mmoja aliyeniuliza naenda na nani?"

Sikuwa na jibu. Katika kamati tulibishana saa mbili juu ya jezi aliyoondoka nayo, wala hatukutumia hata dakika moja kuuliza juu yake yeye.

Ndugu wasomaji, tukubali kwanza kwamba wataondoka. Mkoa wetu una historia ya mpira. Majimaji ya Songea ilitwaa ubingwa mwaka 1985, 1986 na 1998, na wazee wetu bado wanasimulia jinsi uwanja ulivyokuwa ukifurika. Lakini Majimaji ilishuka Ligi Kuu mwaka 2018, na tangu hapo kijana wa Mbinga au Nyasa anayetamani kucheza juu hutazama mbali zaidi ya Songea. Hilo si kosa lake. Mbwana Samatta asingefika Genk mwaka 2016, na Aston Villa mwaka 2020, kama asingetoka African Lyon kwenda Simba, na Simba kwenda TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011. Kila hatua aliyopanda, kuna timu iliyobaki nyuma bila yeye.

Sisi wa seminari tungepaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine. Kila tunaporudi kutoka likizo, huwa kuna kitanda kisicho na shuka. Mwenzetu hakurudi. Je, tunasema malezi yake yamepotea? Hayati Benjamin Mkapa alipita Seminari ya Kigonsera, hapa hapa kwetu, wala hakuwa padri, akaja kuwa Rais wa Awamu ya Tatu. Hakuna mwenye akili anayesema waliomlea walipata hasara. Mtume Paulo aliwakumbusha Wakorintho kwamba kuna apandaye na kuna amwagiliaye, lakini ukuaji ni kazi ya Mungu. Mlezi hana hati miliki ya aliyemlea.

Lakini kukubali kwamba ataondoka si sawa na kumwachia aondoke peke yake. Mtakatifu Yohane Bosco, huko Torino mwanzoni mwa miaka ya 1850, alikuwa na vijana waliotoka vijijini kutafuta kazi mjini. Hakuwafungia katika oratorio yake. Alikwenda nao kwa mafundi, akaketi mezani, na mkataba ukaandikwa na kutiwa saini: kijana asipigwe, asitumwe kazi zisizo za ufundi anaojifunza, na Jumapili na sikukuu awe huru. Bosco aliwapenda vijana kwa michezo na sala, na pia kwa karatasi na wino. Nasi tunaweza kufanya vivyo hivyo, kwa mambo matatu.

La kwanza, tuandikishe timu zetu na wachezaji wetu kupitia chama cha mpira cha wilaya. Wengi tunaona ni gharama bure. Lakini kanuni za FIFA zinatambua timu zilizomlea mchezaji tangu msimu wa miaka 12. Mchezaji akiuzwa nje ya nchi akiwa ndani ya mkataba, asilimia 5 ya fedha za uhamisho hugawiwa timu zilizomlea mpaka miaka 23. Timu iliyokuwa naye katika misimu ya miaka 14, 15, 16 na 17 hupata asilimia 1.5. Kwa uhamisho wa shilingi milioni 100, hiyo ni milioni moja na nusu: mipira, nyavu na viatu vya kikosi kizima. Timu isiyo na kumbukumbu haipati kitu. Na tusidanganyane, wengi wa vijana wetu hawatauzwa nje. Faida kubwa ya kumwandikisha kijana ni kwamba jina lake na umri wake vinajulikana, na anayemtaka inambidi abishe hodi mlangoni.

La pili, mwenye umri chini ya miaka 18 asiondoke gizani. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 huyo bado ni mtoto, na kanuni za FIFA kwa kawaida haziruhusu mchezaji wa umri huo kuhamishwa kwenda nchi nyingine. Mtu akija na habari za majaribio, aje mbele ya wazazi, mwalimu wa timu na mjumbe mmoja wa Halmashauri Walei. Aseme ni timu gani, kijana atalala wapi, na nani atamrudisha asipochaguliwa. Akidai fedha kwanza, tumwoneshe mlango. Kijana aliye kidato cha nne asubiri mtihani upite. Na anayekwenda apewe barua ya kwenda parokia ya huko. Tuna mtandao ambao hakuna wakala aliye nao: kila mji anaokwenda kijana wetu una kanisa, una jumuiya ndogondogo, una VIWAWA. Simu moja ya paroko kwa paroko inatosha kumfanya mtoto wa Nyasa asilale stendi.

La tatu, tusiiache likizo tupu. Kijana haondoki katikati ya msimu, wakati ana jezi, namba na watu wanaomwita kwa jina. Huondoka anapokaa wiki nane bila mtu kumuulizia. Simaanishi mazoezi ya kila siku, maana kahawa haisubiri na usipa hausubiri. Nasema Jumapili moja moja baada ya Misa: mpira kidogo, chai, na mazungumzo juu ya mwezi unaofuata. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Sisi tunamshangilia siku ya mechi, kisha tunamsahau hadi ligi nyingine, halafu tunashangaa akitafuta kwingine.

Najua kuna atakayesema tukifanya hivi tutakuwa tunawafungulia njia, na timu itabaki ya wazee. Namjibu kwamba njia iko wazi tayari. Lami imeshafika Mbamba Bay na basi linaondoka alfajiri. Hatuna uwezo wa kuchagua kama ataondoka au atabaki. Tunachoweza kuchagua ni kama akianguka atakuwa na mahali pa kurudi bila aibu. Timu ya parokia haikuanzishwa ili ichukue vikombe tu. Kikombe kikipotea, msimu mwingine upo. Yule beki wa kushoto alipoteza mtihani wake, baba yake alipoteza mtumbwi, na sisi karibu tumpoteze yeye.

Sasa anavua usipa kwenye mtumbwi wa mtu mwingine, na anajiandaa kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Jumapili jioni bado anacheza, na mguu wake wa kushoto ni uleule. Mwezi wa sita mwingine utafika, na wapo wadogo zake wenye miguu kama yake. Kabla viwanja havijapoa, naomba kila parokia, huku milimani na kule ziwani, iwe na mtu mmoja mwenye kazi ya kuwauliza vijana swali lile ambalo mimi sikuliuliza: unaenda na nani?