Tusiwanyime wanafunzi gumzo la tamthilia

Karibu kila jioni, masomo yanapokwisha na mvua ya alasiri inapopungua, sisi watano hukutana katika mkahawa mmoja mjini Kisii, kando ya barabara iendayo Keroka. Watatu kati yetu ni walimu wa shule za sekondari za Kisii na Nyamira. Wa nne ni karani mstaafu, nasi humwita Mzee kwa heshima ya umri wake. Wa tano ni fundi cherehani ambaye kwa miaka mingi amekuwa akizishonea shule mavazi ya maigizo. Chai ya maziwa huletwa, mandazi hufuata, na kabla kikombe cha kwanza hakijaisha huwa tumekwisha kuzama katika mada yetu ya kila siku, nayo ni michezo ya kuigiza.

Huenda msomaji akajiuliza ni jambo gani katika maigizo linaloweza kuzungumzwa kila siku na lisiishe. Ukweli ni kwamba tunapozungumza maigizo huwa tunayazungumza maisha. Fundi atatueleza jinsi shule fulani ilivyotaka kanzu ya mfalme kwa bei ya shuka. Mwalimu mmoja atadai kwamba mwigizaji aliyemwona juzi alikuwa akilia kwa mabega badala ya macho, na mwingine atampinga. Kutoka hapo tutajikuta tukijadili mazishi, mashamba, karo, ndoa na uzee. Mara kwa mara mabishano huwa makali hata mwenye mkahawa akaja kututuliza.

Mzee wetu hupenda kuturudisha enzi za Sauti ya Kenya, kabla ya mwaka 1989 ambapo shirika hilo lilipewa jina la KBC. Anasema kijijini kwao runinga ilikuwa moja tu, nayo iliendeshwa kwa betri ya gari. Siku ya Vitimbi au Vioja Mahakamani, watoto walifika mapema kuliko wenye nyumba wenyewe. Walimtazama Mzee Ojwang' akigombana na Mama Kayai, wakacheka mpaka betri ikazimika, na mara nyingi ilizimika kabla kisa hakijafika mwisho.

Hapo ndipo penye siri ninayotaka kuieleza. Kwa kuwa kisa kilikatika, kesho yake shuleni ilibidi kimaliziwe kwa mdomo. Waliotazama waliwasimulia wale ambao hawakutazama. Kila mtu alikuwa na mwisho wake. Kesi ya Vioja Mahakamani ilisikizwa upya chini ya mti, ikawa na hakimu mpya, kiongozi wa mashtaka mpya na mshtakiwa aliyejitetea kwa hoja ambazo hata waandishi wa kipindi hawakuzifikiria. Marehemu Benson Wanjau, aliyeigiza Mzee Ojwang' na kufariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu aliyezungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo. Sisi wa huku tunaopakana na Wajaluo tulibishana kama alikuwa akiwadhihaki jirani zetu au akiwaenzi. Hatukujua kwamba tulikuwa tukifanya uhakiki. Tulidhani tunapiga soga.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wa leo huenda wasilifahamu. Katika mila za Abagusii kuna kanuni za staha ziitwazo chinsoni. Kanuni hizo huamua nani aketi karibu na nani, na ni neno gani lisitamkwe mbele ya nani. Baba hakai akatazama mambo ya mahaba pamoja na mke wa mwanawe. Kwa hivyo runinga ilipoonyesha jambo la kutahayarisha, mzee alisimama akatoka nje kana kwamba amesikia ng'ombe akilia zizini. Hakuna aliyesema neno. Lakini jambo hilo halikupotea. Baba alilizungumza na rika lake, mama na rika lake, na watoto wakalizungumza njiani wakienda mtoni. Mchezo uliwapa watu namna ya kutaja yasiyotajika, kwa sababu aliyetenda aibu hiyo alikuwa Ojwang', si jirani yao.

Nayasema haya kwa sababu naona gumzo hilo likififia mahali ambapo lingepaswa kustawi zaidi, yaani darasani. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimeshuhudia tamthilia zikiingia na kutoka katika orodha ya vitabu teule: Kifo Kisimani cha Kithaka wa Mberia, Mstahiki Meya cha Timothy Arege, Kigogo cha Pauline Kea, kisha Bembea ya Maisha, cha Arege tena. Kila mara hali ni ile ile. Kabla mwanafunzi hajausoma mchezo wenyewe, tayari ameshika mwongozo. Anakariri dhamira tano, sifa sita za mhusika na mbinu saba za uandishi. Anaweza kukuandikia kurasa tatu kuhusu Yona wa Bembea ya Maisha, na asiwe amewahi kumsikia Yona akisema hata sentensi moja kwa sauti ya binadamu.

Ichukueni Bembea ya Maisha kwa mfano. Humo mna mama mgonjwa anayehitaji kutibiwa mjini, na mna swali la kama mama mkwe anaweza kulala chini ya paa la mume wa binti yake. Mna pia mume aliyedhihakiwa kwa kupata mabinti watupu, akakimbilia chupa. Katika boma gani la Kisii au Nyamira maswali haya hayajabisha hodi? Mwanafunzi wa huku angeweza kutufundisha sisi walimu chinsoni ni nini na inagharimu nini mtu anapougua. Badala yake tunamwamuru aandike: "Maudhui ya mila na utamaduni, hoja nne." Anaandika hoja nne, anapata alama zake, na swali la nyumbani kwao linabaki lilivyokuwa.

Sinyooshi kidole kwa wengine nikajisahau. Mnamo Oktoba 2021, wanawake wanne wazee waliuawa huko Marani, katika kaunti ya Kisii, kwa tuhuma za uchawi. Wakati huo nilikuwa nikifundisha kidato cha tatu katika shule moja ya Nyamira. Wanafunzi walijua habari hizo kuliko nilivyozijua mimi, lakini nilipowauliza walitazama madawati. Basi niliwaambia waunde mahakama kama ile ya Vioja, na mshtakiwa awe nyanya mmoja wa kubuni katika kijiji cha kubuni. Sikuwapa maandishi yoyote.

Kiongozi wa mashtaka, mvulana mwenye maneno mengi, alianza kwa mbwembwe na darasa likacheka. Aliuliza ni kwa nini ng'ombe wa fulani alikufa. Msichana aliyeigiza nyanya hakujibu habari za ng'ombe. Alijibu kwa kumtaja mtoto aliyempokea siku ya kuzaliwa. Aliulizwa kwa nini alionekana njiani usiku, akamtaja mtoto mwingine. Kila shtaka alilijibu hivyo, kwa sauti ya chini, mpaka kiongozi wa mashtaka akakosa la kuuliza na hakimu akasahau kutoa hukumu. Juma zima wanafunzi walibishana. Mmoja alisema nyanya amekwepa maswali. Mwingine aliuliza kwa nini washtakiwa wa aina hii huwa ni wajane wazee, na akataka kujua shamba hubaki kwa nani baada ya kifo. Swali hilo la shamba sikuwa nimelisikia likiulizwa hadharani na mtu mzima yeyote pale kijijini.

Ijumaa ya juma hilo niliitwa na mkubwa wangu, nikaulizwa kwa upole zoezi hilo linajibu swali gani la karatasi ya fasihi. Sikuwa na jibu la haraka. Jumatatu niliingia darasani na mwongozo mkononi. Wanafunzi waliendelea kubishana kwa siku mbili tatu, kisha wakaacha. Naijutia Jumatatu hiyo kuliko matokeo yoyote mabaya niliyowahi kupata. Ningemjibu kwamba zoezi lile lilijibu swali la Marani, na kwamba mwanafunzi anayeweza kuhoji mashtaka dhidi ya nyanya hatashindwa kumchambua mhusika wa kitabuni.

Hofu hii ya gumzo haiko katika ofisi za shule pekee. Mapema Aprili 2025, Mahakama Kuu ya hapa hapa Kisii iliamuru wasichana wa shule ya Butere waruhusiwe kuigiza mchezo wao, Echoes of War, katika tamasha la kitaifa la drama mjini Nakuru. Watu waliokwenda kuutazama walirushiwa vitoa machozi na polisi. Mnamo Aprili 10 wasichana hao waliimba wimbo wa taifa wakaondoka bila kuigiza.

Katika mkahawa wetu tuligawanyika. Mzee alishikilia kwamba mchezo huo uliandikwa na mwanasiasa, na kwamba si haki watu wazima kupigana vita vyao kwa vinywa vya watoto. Hoja yake ina uzito na siipuuzi. Lakini nilimuuliza kwa adabu: Mzee, tutajuaje kama watoto wametumiwa, ikiwa hatujauona mchezo wenyewe? Mchezo mbaya hutibiwa kwa kutazamwa kisha kusemwa. Ukishazuiwa, kila mtu hubaki na dhana yake, na wasichana waliojifunza maneno yale kwa miezi hawapati hata mtu mmoja wa kuwaambia kwamba hapa mmekosea, na hapa mmetugusa. Mzee alinyamaza, akaagiza chai nyingine. Hakukubali, nami sikumlazimisha.

Najua walimu wenzangu watanijibu kwamba muda hautoshi. Silabasi ni ndefu, madarasa yamefurika, na mtihani haumsubiri mtu. Wengine watasema kuna makundi ya waigizaji yanayozunguka shuleni kuonyesha vitabu teule, kwa hiyo wanafunzi huona tamthilia. Nayaheshimu makundi hayo, maana kazi yao ni ngumu. Hata hivyo, shule ambayo wazazi wake hawawezi kulipa kiingilio hukosa, na hata pale wanapolipa, mara nyingi onyesho likiisha kengele hupigwa na kila mtu hurudi darasani. Saa mbili za kutazama, na dakika sifuri za kuzungumza. Watasema pia kwamba simu imechukua nafasi ya runinga. Ni kweli. Lakini kwenye simu kila mtoto hutazama kichekesho chake peke yake, akacheka peke yake, na kesho yake hakuna kisa kimoja cha kumaliziwa pamoja chini ya mti.

Mambo ninayoyapendekeza hayahitaji bajeti. Kwanza, kila juma tutenge nusu ya kipindi kimoja ili wanafunzi waigize ukurasa mmoja wa tamthilia, bila mavazi wala jukwaa, kisha wabishane juu ya jinsi ulivyoigizwa. Mwongozo ubaki kabatini mpaka mabishano yaishe. Pili, mwalimu ajifunze kukaa nyuma ya darasa na kunyamaza, jambo ambalo, nakiri, ni gumu kuliko kufundisha. Tatu, katika tamasha za drama, kuanzia kaunti ndogo hadi eneo zima la Nyanza, waandaaji watenge nafasi ya watazamaji kuzungumza na waigizaji. Kwa sasa wanafunzi hushuka jukwaani wakasubiri alama tu, na wakishindwa hurudi nyumbani garini wakiwa hawajui ni kwa nini.

Jambo hili lina uharaka wake. Darasa la kwanza la Gredi ya Kumi liliingia sekondari ya juu Januari 2026, na moja kati ya njia tatu zilizowekwa mbele ya wanafunzi hao ni ya sanaa na michezo. Sasa basi, tukiwafundisha maigizo kwa njia ile ile ya hoja nne na alama nne, tutakuwa tumebadilisha jina la somo tu. Mwigizaji hukomaa kwa kusikia aliyemtazama akimwambia alichokiona.

Nanyi wanafunzi msingoje ruhusa ya kila kitu. Mkitoka kutazama mchezo, ulizaneni njiani: nani alisema kweli, nani aliigiza tu, na wewe ungefanya nini mahali pake? Mkifika nyumbani mwulizeni babu au nyanya kuhusu ile runinga ya betri. Mtashangaa kuona jinsi wanavyokumbuka kila kisa, na jinsi kila mmoja anavyokumbuka mwisho tofauti.

Kwa upande wangu, nimeanza upya. Muhula huu nimerudisha mahakama ile darasani, na safari hii fundi wetu ameahidi kumshonea hakimu joho kwa bure. Wanafunzi hawa wapya wameomba kesi iwe ya shamba. Nikiulizwa tena inajibu swali gani la karatasi ya fasihi, nitamwalika mwulizaji aje aketi nyuma ya darasa karibu nami, asikilize.