Kabla ya Kumlea Mwingine

Tangu tuliposema kwamba toleo hili litahusu ulezi wa kiroho, swali linalotufikia kutoka Bukoba na Muleba ni hili: nianze na kitabu gani? Wanaouliza ni masista, makatekista, wainjilisti na wazee wa usharika wanaojiandaa kwa mafunzo, pengine kwa Wajesuiti wa kituo cha Mwangaza kule Nairobi, pengine karibu zaidi na nyumbani. Wengi wanataka kitabu cha mbinu: maswali ya kuuliza, dalili za kutazama, hatua za kufuata. Vitabu hivyo vipo, na kile cha Wajesuiti William Barry na William Connolly, kilichotoka mwaka 1982, ni kizuri. Rai yangu ni kwamba kisiwe cha kwanza. Anayejiandaa kuisikiliza roho ya mwenzake atangulie kusoma vitabu vitakavyomchunguza yeye.

Katika mkoa wetu wa Kagera kutanguliza kitabu kuna mizizi. Wamisionari wa Betheli, Ujerumani, walipofika Bukoba mwaka 1910 waliwakuta Wahaya, wenyeji wa huku, waliokuwa wakiisoma Biblia ya Kiganda, ile iliyokamilika mwaka 1896. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipowaondoa Wajerumani, Andrea Kajerero na wenzake walilishikilia kundi. Walikuwa na kitabu katika lugha ya jirani, na walikuwa na wao kwa wao.

Baadaye ukaja Uamsho, kutoka Rwanda na Uganda, ukatufundisha kusimama mbele ya ndugu na kushuhudia. Askofu Josiah Kibira alikuwa mtu wa Uamsho huo, na hakuacha kuwa hivyo hata alipochaguliwa mwaka 1977 kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani. Nauheshimu urithi huu. Lakini ushuhuda hupenda habari iliyokwisha: nilikuwa hivi, sasa niko hivi. Anayemjia mlezi wa kiroho mara nyingi bado yuko katikati ya habari yake. Na habari zetu ni nzito: mkoa wetu ndio ulioripoti wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania, mwaka 1983. Tulizika watu wa meli ya MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996, na tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 likatuongezea makaburi. Bibi aliyewazika wanawe akabaki na wajukuu, na leo hawezi kusali, hana ushuhuda wa kumalizia kwa haleluya. Anahitaji mtu asiyemharakisha.

Ndiyo maana ningeanza na Ayubu. Rafiki zake walikaa naye chini siku 7 mchana na usiku bila neno, na hadi hapo walikuwa walezi wema. Waliharibu walipofungua vinywa. Kisome kitabu chote, pamoja na hotuba zao ndefu, kwa sababu humo utakuta sentensi ambazo wewe mwenyewe umewahi kuzisema msibani.

Kisha Teresa wa Avila, anayesimulia jinsi waungamishi wenye elimu nusu walivyomdhuru. Yeye alimtaka mlezi aliyesoma. Rafiki yake Yohane wa Msalaba ni mkali zaidi: anataja vipofu watatu wanaoweza kuipotosha roho, na pamoja na shetani na roho yenyewe anamweka mlezi asiyeijua kazi yake. Anayetamani kuitwa mlezi azisome kurasa hizo taratibu, na zikimtia hofu asizikimbie.

Sitaki Walutheri waniambie kwamba hao ni wa Wakatoliki. Mlutheri wa Ndolage amsome Teresa, na Mkatoliki wa Rubya amsome Luther, aliyemwandikia kinyozi wake mwaka 1535 namna nyepesi ya kusali. Amsome pia Dietrich Bonhoeffer, mchungaji Mlutheri wa Ujerumani, ambaye kitabu chake cha mwaka 1939 kuhusu maisha ya pamoja kinaweka kusikiliza mbele ya huduma nyingine zote tunazodaiana. Bonhoeffer si mgeni kwetu kama anavyoonekana: mwaka 1933 alikaa Betheli akisaidia kuandika ungamo la imani dhidi ya mafundisho ya Wanazi, na ni Betheli hiyohiyo iliyowatuma wamisionari wake Bukoba.

Najua vitabu hivi ni ghali, na vingi si rahisi kuvipata kwa Kiswahili. Basi wasome watatu au wanne pamoja, kitabu kimoja hata kwa mwaka mzima, na anayejua Kiingereza awafasirie wenzake. Wasifungue ukurasa mwingine kabla kila mmoja hajasema ni wapi ulipomgusa, na wakati huo wengine wanyamaze. Anayeshindwa kunyamaza mbele ya watu watatu anaowafahamu atashindwa pia mbele ya mgeni anayelia.

Kwa wanaopokea maombi ya kujiunga na mafunzo nina ombi moja. Pamoja na cheti na barua ya paroko au mchungaji, mwombaji aulizwe: ni kitabu gani kilichobadilisha namna unavyosali, na nani alikuwa akikisoma pamoja nawe?