Programu ya mahudhurio iulize na sababu

Sina ugomvi na programu ya simu inayochukua mahudhurio darasani. Mimi ni mwalimu wa darasa katika sekondari ya kutwa mkoani Lindi, na ubaya wa rejesta ya karatasi naujua wote: kurasa zilizolowa mvua, jumla ya wiki inayojazwa kwa kukisia Ijumaa jioni, mahudhurio yanayopanda ghafla kila mkaguzi anapotarajiwa. Tangu ada ifutwe mpaka kidato cha nne mwaka 2016, madarasa yamefurika, na kuita majina peke yake kunameza sehemu kubwa ya kipindi. Anayenipunguzia kazi hiyo namshukuru kwa dhati.

Ninachokipinga ni jinsi programu tuliyoletewa ilivyotengenezwa. Inajua mambo mawili tu, yupo au hayupo, na inafungwa saa mbili kamili asubuhi. Anayeingia saa mbili na dakika kumi amekwisha kuandikwa hayupo, na ujumbe umekwisha kwenda nyumbani: mwanao hajafika shuleni leo.

Njoo basi huku kwetu msimu wa korosho. Korosho zinaanguka usiku kucha, na asiyewahi kuokota alfajiri anakuta ameokotewa. Nina mwanafunzi wa kidato cha tatu anayelelewa na bibi yake. Huamka kungali giza, huokota, hutenganisha korosho na mabibo, huzianika, ndipo anaoga na kushika njia ya shule kwa miguu. Hufika kipindi cha kwanza kikiwa katikati. Hukaa hadi kengele ya mwisho, na katika hisabati anawapita wengi waliowahi kufika. Kwenye programu, kijana huyu ni mtoro sugu.

Bibi ana simu ya kitochi, na kusoma hajui. Siku moja ujumbe wa programu alisomewa na jirani. Akaziacha korosho uani, akaja shuleni kwa miguu kwenye jua, akiamini mjukuu wake amepatwa na balaa njiani. Tulimkuta kijana amekaa darasani, daftari liko wazi mbele yake. Bibi alilia pale mlangoni, na mimi sikuwa na maneno ya kumpa, kwa sababu habari ile ya uongo ilimfikia kwa jina la shule yetu.

Rejesta ya karatasi, pamoja na upungufu wake, ilikuwa na pambizo. Hapo niliandika kwa penseli: anamuuguza mama, hana viatu, kahamia Liwale kwa baba yake. Mwalimu aliyepokea darasa kutoka kwangu aliyakuta maelezo hayo akajua pa kuanzia. Sasa anapokea asilimia.

Mfano wa Busia, Kenya, unafaa kukumbukwa na kila anayetengeneza vifaa hivi. Kuanzia mwaka 1998, katika shule 75 za msingi, watafiti Edward Miguel na Michael Kremer walifuatilia watoto waliopewa dawa za minyoo. Hawakutegemea rejesta za shule. Mahudhurio waliyahakiki kwa kutembelea madarasa bila taarifa. Utoro ulipungua kwa takriban robo, na hata watoto ambao hawakumeza dawa walinufaika, kwa kuwa maambukizi yalipungua. Kuhesabu kwa uaminifu kulikuwa na kazi kubwa pale, nami ndiyo maana naitaka programu. Lakini waliomrudisha mtoto darasani ni watu waliojua kwamba tumbo lake lina minyoo. Kumwita mtoro kusingemponya.

Kuna hatari nyingine. Asilimia za kila shule zikishaanza kupangwa kwenye orodha na wakuu wa shule kuitwa kujieleza, takwimu zitapendeza na madawati yatabaki wazi. Huko Udaipur, India, wauguzi wa vijijini waliwekewa mashine za kurekodi saa wanazofika kazini. Miezi ya mwanzo mahudhurio yalipanda. Baadaye uongozi wa afya wa eneo hilo ukaanza kutoa ruhusa nyingi za kutokuwepo, na faida yote ikatoweka.

Kwa hiyo naomba programu iwe na nafasi ya aliyechelewa, na nafasi ya sababu ambayo mwalimu ataijaza baada ya kuzungumza na mtoto. Sababu hizo zilindwe sana. Tangu Novemba 2021 wasichana waliojifungua wanaruhusiwa kurudi shuleni. Sitaki habari ya binti kama huyo ionekane kwenye simu ya kila mwenye neno la siri la shule. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mwalimu wa darasa, mkuu wa shule na mwalimu wa ushauri nasaha wanatosha kuona.

Programu pia itunze majina hata mtandao ukikatika, na bando lisitoke mfukoni mwa mwalimu. Mtoto akikosekana siku tatu mfululizo, ujumbe wa mashine hautoshi. Mwalimu apige simu, na simu isipopokelewa apewe nauli ya bodaboda afike nyumbani kwao, aketi na wazazi, na ikibidi aende na mwenyekiti wa kijiji. Fedha ya safari hizo iingie kwenye bajeti ileile iliyonunua programu. Kwa uzoefu wangu, wanafunzi waliorudi baada ya kupotea walirudi kwa sababu kuna mtu alibisha hodi kwao.

Haya yote yanaweza kuwa tayari kabla ya Oktoba. Mwezi huo msimu wa korosho utakuwa umeshika kasi, na mitihani ya taifa ya kidato cha pili na cha nne itakuwa imekaribia.